Marekani na deni la dola trilioni 38: mbona kisu kinaanzia kwenye sahani ya chakula?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Tangu serikali ya Marekani ifungwe siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, naona watu wetu wamegawanyika kama Simba na Yanga. Wa Trump wanasema nchi imeliwa na watu wa misaada, wa upande wa pili wanasema matajiri ndio wameimaliza. Mimi nina hoja moja tu, mnikosoe: hakuna chama Washington kinachoogopa deni. Kila kimoja kinaogopa deni la mwenzake.

Tazameni historia ya karibu. Kuanzia 1998 hadi 2001 serikali ile ilikuwa inakusanya kuliko inavyotumia. Ndiyo, ziada kabisa, Clinton akiwa Ikulu na Bunge likiwa la Warepublican. Akaja Bush mtoto: akapunguza kodi 2001, akapunguza tena 2003, akapigana Afghanistan na Iraq kwa mkopo, akawaongezea wazee malipo ya dawa bila kutafuta kodi ya kuyalipia. Chama chake kimya. Mwaka 2011 Obama yupo, Warepublican wale wale wakagoma kupandisha ukomo wa deni, yaani kiwango cha juu ambacho serikali inaruhusiwa kukopa, mpaka Standard & Poor's, kampuni inayopima uaminifu wa wakopaji, wakaishusha nchi daraja kwa mara ya kwanza. Trump akapunguza kodi 2017, kimya kikarudi. Biden akatoa trilioni 1.9 za korona mwaka 2021, na zamu ya kunyamaza ikawa ya Wademokrati. Halafu Julai 4, 2025 Trump akasaini ile sheria yake kubwa ya kodi na matumizi, ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lao wenyewe ilikadiria itaongeza nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato, kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Ndani ya sheria hiyo hiyo ukomo wa deni ukapandishwa trilioni 5. Kufikia Oktoba deni likawa limevuka trilioni 38.

Sasa hela zinakwenda wapi? Mwaka wa fedha wa 2024 walitumia takriban trilioni 6.75, wakakusanya 4.9. Pensheni ya Social Security peke yake ni karibu trilioni moja na nusu. Medicare, yaani matibabu ya wazee, riba ya deni, na jeshi, kila kimoja ni zaidi ya bilioni 800, na mwaka huo riba ililipita jeshi. Msaada wa chakula, SNAP, unaowalisha watu zaidi ya milioni 40, ni kama bilioni 100. Futa SNAP yote leo, asile mtu: nakisi ya trilioni 1.8 inashuka hadi 1.7. Umeokoa nini?

Lakini mstaafu anapiga kura kila uchaguzi, na mwenye kampuni anachangia kampeni. Anayebaki wa kukatwa ni wa SNAP. Nawasikiliza.

Kipanga:
Mleta mada, hesabu zako nzuri ila umeruka moja kwa makusudi. Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, iko wapi? Upande wa serikali kuu tu ni zaidi ya bilioni 600 kwa mwaka, na imekuwa ikipanda. Hiyo nayo ni senti?

Niko Texas, naendesha lori. Zile trilioni 1.9 za Biden wewe unazitaja kama tarakimu, mimi nilizilipia kwenye dizeli na maziwa. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1. Sisemi ni hizo peke yake, kulikuwa na korona, kulikuwa na vita vya Ukraine. Ila ukimwaga hela kiasi kile, na madukani bidhaa hakuna, bei ifanyeje?

Na hili sharti la kazi ambalo ile sheria ya Julai imeliweka kwenye Medicaid, watu mnalikuza. Sheria inasema mtu mzima mwenye afya, wa kundi lile lililoongezwa kwenye Medicaid na sheria ya afya ya Obama, afanye saa 80 kwa mwezi ndipo apewe bima. Saa 20 kwa wiki. Shule inahesabika, kujitolea kunahesabika. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 13 kushuka chini amesamehewa. Hata usipofikisha saa, kipato cha dola 580 kwa mwezi kinakuvusha. Mimi saa 80 nazimaliza kabla wiki mbili hazijaisha. Clinton, Mdemokrati, alisaini masharti ya kazi 1996, na watu wakaenda kazini. Mwenye nguvu zake afanye kazi, hilo hata bibi yangu wa Songea ambaye hajawahi kusikia habari za Republican angekwambia.

Mwana Mrima:
Sisi wa Tanga yanatuhusu nini haya? Tujadili bei ya mkonge.

Mleta mada:
Mwana Mrima, yanakuhusu zaidi ya unavyodhani. USAID, shirika lao la misaada ya nje, ilifungwa rasmi Julai 1, 2025 kwa jina la kubana matumizi, wakati misaada yote ya nje ni kama senti moja katika kila dola ya bajeti yao. Mpango wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambao kliniki zetu zimeutegemea ulianzishwa 2003 na Bush, Mrepublican. Haya, endelea na mkonge.

Kipanga, Medicaid nimekubali, ni kubwa. Tuiweke mezani. Lakini kuhusu saa 80 una haki kwenye maandishi ya sheria, mimi naangalia ilivyofanya kazi pale ilipojaribiwa. Jimbo la Arkansas walianza 2018. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 18,000 walikuwa wameondolewa kwenye bima, mpaka mahakama ikasimamisha mwaka uliofuata. Watafiti waliofuatilia hawakuona ajira ikipanda. Wengi walikuwa tayari wanafanya kazi, au walistahili msamaha.

Waliangushwa na nini? Ripoti. Mwanzoni ilikuwa lazima uripoti saa zako kwenye tovuti, simu haipokelewi, karatasi haipokelewi. Na tovuti yenyewe ilikuwa inafungwa saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Tovuti, mkuu, ina saa za kulala! Mtu katoka zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kuku, kafika nyumbani saa nne, kijijini intaneti ya kuokoteza, anawasha simu anakuta pamefungwa. Huyo kafanya kazi saa 160 mwezi huo, na bima kapoteza. Sasa niambie hapo tumemkomesha mvivu yupi?

Mama Zawadi:
Ndugu zangu, mimi niko Kentucky, nilitoka Uvira nikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Nyinyi mnaongea trilioni, mimi niongee ya kwenye jengo letu.

Ile sheria ya Julai imetoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka mtu apate green card. Si wale walioruka mpaka. Wakimbizi walioitwa na serikali hii yenyewe, walioulizwa maswali miaka, wakapimwa, wakakatiwa tiketi ya ndege. Chini yangu anakaa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alifika na mkewe. Barua ilikuja ya Kiingereza, akapanda ngazi nayo mkononi, mtoto wangu wa darasa la saba akamsomea. Mzee akauliza, «Wamesema nimekosa nini?» Mtoto akasoma tena. Hakuna kosa lililoandikwa, ni tarehe tu.

Kipanga, mimi niko na wewe juu ya kazi. Nafanya usiku kwenye ghala, kodi nakatwa kila hundi, na kuna watu wa hapa wanaofanya mchezo na msaada, nisiseme uongo. Lakini huyo mzee utampeleka lori gani?

Halafu tangu Januari 1, 2026 ukituma pesa nyumbani kwa kulipa keshi dirishani unakatwa asilimia moja ya kodi. Wenye kutuma kwa akaunti ya benki au kadi haiwagusi, kwa hiyo wamama mnaosoma hapa, wekeni hela benki kwanza.

Kipanga:
Dada, la mzee huyo sina la kujibu. Ningekuwa bungeni ningelirekebisha kesho. Ila mfano mmoja mbaya haufuti kanuni, Arkansas watengeneze tovuti yao na sharti libaki.

Na mleta mada, umewabana Warepublican sana, hao Wademokrati je? Biden aliahidi hatapandisha kodi kwa yeyote anayepata chini ya dola 400,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu nchi nzima! Ulaya wanayoisifia, hata muuza duka analipa kodi nono kila akinunua mkate. Huku wanataka huduma za Sweden kwa kodi ya Texas. Sema basi, nani alipe?

Mleta mada:
Hapo umenipata pazuri, na nakubaliana nawe moja kwa moja: ahadi ile ilikuwa ni kukwepa kazi. Ukishasema asilimia zaidi ya tisini hawaguswi na jeshi haliguswi na wazee hawaguswi, umeshasema utakopa.

Nani alipe? Makato ya Social Security yanakoma mshahara ukifika kiwango fulani. Mwaka 2025 kilikuwa dola 176,100. Wewe dereva unakatwa kuanzia Januari mpaka Desemba. Daktari bingwa anayelipwa mara tatu ya hapo anamaliza kukatwa mwezi wa nne. Ningeanza na hapo, kwa sababu mfuko wenyewe unakadiriwa kuishiwa akiba karibu 2033, na baada ya hapo utaweza kulipa kama asilimia 77 tu ya pensheni.

Na imeshawahi kufanyika. Mwaka 1983 mfuko ulikuwa umebakiza miezi tu. Reagan, Mrepublican, na Spika O'Neill, Mdemokrati, wakakubaliana: makato yakaongezwa, pensheni za wenye kipato kikubwa zikaanza kutozwa kodi, umri wa kustaafu ukapangwa kupanda polepole kutoka 65 hadi 67. Kila upande ulimeza kitu usichokipenda. Siku hizi ukimeza, chama chako mwenyewe kinakutafutia mpinzani wa kura ya mchujo.

Sasa nikuulize wewe, bila chama: ikibidi uchague, hicho kikomo cha makato kiondolewe, au umri upande tena, ustaafu na miaka 69?

Kipanga:
Miaka 69 nipo kwenye usukani, usiku, barafu ya Amarillo? Hapana. Huyo daktari akatwe mpaka Desemba. Lakini la Medicaid sijarudi nyuma.