Likizo ya Juni: vitamutamu gani naweza kutengeneza na wanangu wa miaka 3 na 6?

MamaWawili_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Shule zimefunga, wanangu wawili ninashinda nao nyumbani: wa kike miaka 6, wa kiume miaka 3. Baiskeli ya aisikrimu ikipita tu, wananing'ang'ania. Nimeona tutengeneze vyetu wenyewe. Hela itapona, ndiyo, lakini zaidi nataka wakue wakikumbuka tulivyokaa jikoni pamoja, kama mimi ninavyokumbuka kukuna nazi nimekalia mbuzi ya mama yangu.

Jumamosi tulijaribu kashata za nazi. Nilikuwa nimeshakamua tui la samaki, nikaona machicha yasiende bure. Nikabandika sukari bila maji, moto mkali. Ikaungua, ikawa chungu, na machicha hayakushikana kabisa. Kibaya zaidi, nilipogeuka kuchukua sinia, mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sufuria. Nilimdaka. Hadi leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Dada yake naye alilia sana maana nilimuahidi kashata.

Sina oveni. Nina jiko la gesi la plati mbili na friji ndogo inayogandisha juu. Naomba vitu rahisi ambavyo hata wa miaka 3 atapata kazi ya kufanya, siyo kukaa anaangalia tu.

BabaNasra
Pole sana dada, mshukuru Mungu hakuungua.

Anza na barafu, hazina moto. Mwezi huu machungwa ya Muheza yamejaa sokoni, bei ni nzuri. Wewe kata, binti akamue, mdogo akoroge sukari mpaka iyeyuke. Chujeni, mimina kwenye vikombe vidogo, gandisha usiku kucha. Mimi huwa nachomeka kijiti barafu ikishaanza kushika, maana ukikiweka mapema kinalala upande.

Za ubuyu ndizo wanangu wanazozipenda zaidi. Kikombe kimoja cha ubuyu mweupe wenye unga wake, maji ya uvuguvugu vikombe vinne, waache waukoroge hadi unga wote utoke kwenye mbegu. Hapo kelele zake utazifurahia. Chuja vizuri, mbegu zisibaki, weka sukari na vanila kidogo. Maji yawe yamechemshwa, maana kugandisha hakuui vijidudu.

Nesi_wa_Watoto
Mama mwenzangu, pole. Nafanya kazi wodi ya watoto, kwa hiyo nitasema mawili matatu hata kama yatapunguza raha kidogo.

Sukari inayochemka siyo kama maji. Maji huchemka nyuzi 100, shira ya kashata hupita hapo, hufika 115 na zaidi, halafu inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mtoto wa miaka 3 asiwe karibu na jiko wakati huo. Chora mstari wa chaki sakafuni hatua mbili kutoka jikoni, mwambie ule ni mto wenye mamba. Kwangu umefanya kazi kuliko kukemea. Mshikio wa sufuria uelekee ukutani. Akiungua, Mungu apishie mbali, mwagia maji ya bomba ya baridi dakika 20 kisha nenda hospitali. Dawa ya meno hapana, yai hapana, mafuta hapana.

Karanga nzima usimpe mdogo, ni rahisi kumpalia na kuziba njia ya hewa. Zisage au zitwange.

Na wapeni vitamu baada ya chakula, wale wamalize, wapige mswaki jioni. Meno yanaharibika zaidi mtoto anapomung'unya kidogokidogo kutwa nzima.

BibiWaTemeke
Mwanangu, kashata haikukushinda. Uliikosea mwanzo.

Machicha yameshatoka mafuta, na mafuta ya nazi ndiyo yanayoipa kashata ulaini. Kuna nazi mbili, usikamue. Sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, moto wa wastani. Sukari iyeyuke, ichemke mpaka inate. Chukua kijiko, dondoshea tone kwenye bakuli la maji baridi: likishikana kama kidonge laini, imefika. Likitawanyika, bado. Hapo tia nazi na iliki, songa bila kuacha mpaka uone inajitenga na sufuria. Mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha, kata ikiwa bado ina joto. Ukisubiri ipoe itavunjikavunjika.

Kazi za watoto zipo nyingi. Mkubwa atwange iliki kwenye kinu kidogo, harufu ile hataisahau. Mdogo apake mafuta sinia kwa mkono wake. Kashata ikishapoa, wao ndio wazipange kwenye sahani, na wapeleke mbili kwa jirani. Sisi tulilelewa hivyo, kashata ya kwanza haikuliwa na aliyepika.

DadaKimara
Shikamoo bibi, umenikumbusha mbali.

Naongeza kitu kisicho na moto kabisa: madonge ya tende. Toa kokwa zote (wewe mwenyewe, usimuachie mtoto), ponda tende mpaka zilainike. Biskuti za kawaida zitie kwenye mfuko safi, mdogo azigonge kwa mwiko atakavyo. Changanya, wafinyange madonge madogo, wayabingirishe kwenye nazi iliyokunwa. Nusu saa kwenye friji, tayari. Madonge yao yatakuwa makubwa na madogo, mengine bapa. Usiyarekebishe. Wa kwangu alijua donge lake ni lipi hadi siku ya pili.

MamaWawili_Tabata
Bibi shikamoo, na wote asanteni kutoka moyoni. Narudisha majibu.

Jumatano tulifanya madonge ya tende. Mdogo aligonga biskuti karibu robo saa bila kuchoka, sijawahi kumuona ametulia na kazi moja hivyo. Alhamisi barafu za machungwa. Umeme ulikatika usiku zikawa nusu barafu nusu juisi, tukazila kwa kijiko.

Leo kashata. Nilichora mto wa mamba, mdogo akakaa ng'ambo na sinia lake akipaka mafuta mpaka viwiko vikang'aa. Binti ndiye aliyesema "mama, kidonge kimeshikana" tulipodondoshea kwenye maji. Zimetoka nyeupe, laini, na mbili zimeshakwenda kwa jirani.

Swali la mwisho: Jumamosi tunakwenda Morogoro kwa bibi yao, binti anataka kumpelekea. Zitafika salama?

BibiWaTemeke
Marahaba mwanangu. Zitafika. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunika, la sivyo zitatoa jasho na kuchacha. Tia kwenye kopo kavu, karatasi katikati ya tabaka na tabaka. Na kopo alibebe yeye mwenyewe kwenye basi.