Walirudisha mita ya Benzi yangu kutoka 137,400 hadi 58,214, na sitanyamaza

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Novemba 2023 nilinunua Mercedes-Benz C180 ya 2016 kwenye yadi moja ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Nililipa shilingi milioni 3.4, akiba ya miaka sita pamoja na mkopo wa sacco ambao bado nakatwa kila mwezi. Mita ilisoma kilomita 58,214. Leo ninazo karatasi mkononi zinazoonyesha kwamba gari hilo lilipopigwa mnada kule Japani lilikuwa limeshatembea kilomita 137,400. Kuna mtu aliketi kwenye kiti changu, akachomeka kompyuta yake, akafuta zaidi ya kilomita 79,000. Halafu mwenye yadi akanipa mkono na kunipongeza.

Kabla hamjaanza na ule wimbo wa "si tulikuambia Benzi itakufilisi", nisomeni hadi mwisho. Gari halikunidanganya. Aliyenidanganya ni mtu.

Sikulinunua kwa maringo. Marehemu baba alikuwa dereva wa kampuni moja hapa Nairobi miaka ya themanini, na gari alilokabidhiwa lilikuwa 240D, lile umbo la W123 lililoingia sokoni 1976 na likauzwa karibu milioni 2.7 duniani. Shule zikifungwa nilikuwa napanda naye asubuhi akienda kumchukua mkubwa wake. Anazungusha ufunguo hatua moja, taa ndogo ya njano inawaka, naambiwa, "Tulia, inajipasha moto." Taa ikizimika ndipo anapiga stata. Dizeli inatikisika mwili mzima, kisha inatulia. Kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Tarehe, kilomita, oili, filta, breki, yote kwa kalamu ya wino, mwandiko umelalia kulia. Gari likienda gereji, daftari linaenda nalo. Siku kilomita zilipoingia laki ya tatu baba alituita sote nje tutazame namba zikigeuka. Mama alitoka na mikono imejaa unga.

Hakuna aliyeona haya siku hiyo. Kilomita nyingi zilikuwa sifa ya gari na sifa ya dereva.

Na si nyumbani kwetu tu. Kuna dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, aitwaye Gregorios Sachinidis. Alinunua 240D ya 1976 ikiwa tayari imetembea kilomita 220,000, akaifanyia kazi hadi ikafika milioni 4.6. Mwaka 2004 kampuni yenyewe iliichukua ikaiweka kwenye makumbusho yake Stuttgart. Injini zilibadilishwa mara kadhaa, na hilo halikufichwa. Gari lile liko pale kwa sababu namba yake ni ya kweli. Lingepita kwenye mikono ya hawa watu wetu, lingeuzwa likiwa na 62,000 na kuambiwa liliendeshwa na mwalimu mstaafu.

Hiyo ndiyo hadithi niliyopewa mimi, karibu neno kwa neno. "Mkubwa, hii ilikuwa ya mzee mmoja Mjapani, anaenda nayo sokoni na kurudi." Viti vilikuwa safi. Usukani ulikuwa umevalishwa kava jipya la ngozi, na mimi nikaliona kama zawadi. Wenye macho hutazama usukani, pedali na ukingo wa kiti cha dereva, kwa sababu vitu hivyo huchakaa kwa kilomita wala havirudishwi kwa kompyuta. Kava lile lilikuwa limefunika ushahidi. Niliomba karatasi ya mnada, nikaambiwa ilibaki Mombasa kwa wakala. Niliomba tena, nikaambiwa itatumwa kwa WhatsApp. Nilitaka gari lile sana, nikalipa.

Miezi tisa nilifurahi, siwezi kusema uongo. Mlango ukifungwa unatoa sauti ileile niliyoijua utotoni.

Agosti 2024 nilikuwa narudi kutoka Naivasha na mama. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Tulipita Mai Mahiu saa moja jioni tukaanza kupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa. Karibu na kilele gari likashtuka, kama mtu amelipiga teke kwa nyuma, kisha injini ikaanza kunguruma na gari haliendi. Nakanyaga mafuta, sindano inapanda hadi 4,000, magurudumu yamesimama. Nyuma yangu kuna trela limepakia makontena, linapiga honi mfululizo. Upande mmoja ni korongo. Ukungu umeshuka, taa za trela zinamulika ndani, namwona mama kwenye kioo ameshika rozari kwa mikono miwili. Aliniuliza swali moja tu: "Breki zinashika?" Zilishika. Tulikaa pale kwa baridi saa tatu nzima tukisubiri gari la kuvuta.

Hizo saa tatu ndizo ninazodai. Pesa ni jambo la pili.

Kulipambazuka nikiwa kwa fundi wa kwanza, kijana wa kando ya barabara, akaniambia oili ya gia boksi imepungua na akaongeza lita moja na nusu. Nyekundu. Gari likatembea siku nne likakufa kabisa. Nikalipeleka kwa mzee mmoja Industrial Area ambaye hafanyi kitu kingine ila Benzi, na ni yeye aliyenifundisha mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kutoa hata shilingi moja. Gia boksi hii, 7G-Tronic, haina kijiti cha kupimia oili. Kipimo huchukuliwa kwa chini, oili ikiwa imepata joto la nyuzi 45 hivi, na mashine ndiyo inayosoma hilo joto. Anayeongeza kwa makadirio ya macho anaiua. Na oili ya gia boksi ya toleo langu ni ya bluu, siyo nyekundu.

Lakini alisema kilichoiua kilianza zamani. Alifungua sufuria ya oili iliyo chini ya gia boksi mbele yangu. Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na kwenye sumaku kulikuwa na vumbi la chuma laini kama ugoro. Akalichukua kwa kidole akanipaka kiganjani. "Kijana wangu," akasema, "hii oili haijawahi kubadilishwa. Ilitakiwa kutoka kabla ya 125,000." Nikamwambia gari lina 71,000. Hakunijibu. Akachomeka kompyuta yake ya uchunguzi, akasubiri, kisha akanigeuzia skrini. Kulikuwa na hitilafu ya zamani ya kihisishi, ya muda mrefu kabla yangu, na pembeni yake kilomita ambazo gari lilikuwa nazo siku hitilafu ilipotokea: 131,872.

Wale waliofuta namba ya dashibodi hawakufuta hiyo.

Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kusikia habari ya "mita ni namba tu". Ningejua ni 137,400, kazi ya kwanza baada ya kulitoa yadi ingekuwa kubadilisha oili ya gia boksi na filta yake. Nimeuliza, gharama isingefika hata shilingi 40,000. Kwa kuwa niliamini 58,000, nilijua bado nina miaka. Uongo ule ndio uliomwaga chuma ndani ya gia boksi yangu, ndio uliomweka mama kandokando ya korongo usiku. Bili niliyopewa ni shilingi 465,000, gia boksi iliyotumika kutoka Japani pamoja na kazi.

Kuna jambo moja limekuwa likinikera tangu siku ile. Karl Benz aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, na watu hawakulitaka. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua bila kumwambia, akawapakia wanawe Eugen na Richard, wakatoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta yalipoisha alinunua ligroini, aina ya mafuta mepesi ya petroli, kwenye duka la dawa Wiesloch. Breki zilipolika alimtafuta fundi viatu akapigilia ngozi. Kwenye vilima gari lilishindwa, wale wavulana wakashuka wakasukuma. Aliporudi alimweleza mumewe kila kilichoharibika, na Benz akaongeza gia ya kupandia mlima. Miaka zaidi ya 130 baadaye mimi nimekwama mlimani kwa sababu mtu hapa Nairobi aliona ni biashara nzuri kuficha kilichoharibika.

Na wanajua kabisa wanachouza. Wanauza jina. Jina la nyota hii lina uzito Kenya tangu kabla ya uhuru. Mercedes ilishinda Safari Rally ya 1959, 1960 na 1961, mara tatu mfululizo, kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru wananchi wakawapa wakubwa jina la Wabenzi, na halikuwa jina la sifa, lakini hata aliyelitamka kwa uchungu alijua gari lenyewe ni imara. Baba yangu hakuwa Mbenzi. Alikuwa mtu wa kufungua mlango. Ila aliijua ile mashine kuliko waliokaa nyuma.

Nilirudi yadi na karatasi ya mnada, ambayo niliipata mwenyewe mtandaoni kwa namba ya chesisi, kwa pesa isiyofika bei ya tangi la mafuta. Nilikuwa na picha ya skrini ya fundi pia. Mwenye yadi alizitazama bila kubadilika uso. "Mkubwa, hiyo ni kazi ya huko Japani. Sisi tunauza kama lilivyokuja." Akanionyesha mstari kwenye mkataba: gari limeuzwa kama lilivyo. Akaniagizia chai. Nilisimama nikaondoka. Huko Japani, wadau, gari likifutwa usajili ili lisafirishwe, cheti cha kulitoa nchini huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Cheti hicho hupitia kwa mwagizaji. Alikuwa nacho, na hakunionyesha.

Wiki hiyohiyo dalali mmoja alinipigia simu, sijui namba yangu alipewa na nani. Ananihurumia, anasema. Nirudishe gia boksi yoyote ya bei nafuu litembee mwezi mmoja, yeye atashusha mita hadi 49,000 kwa shilingi 5,000, kazi ya dakika ishirini, na mnunuzi anaye tayari: mwalimu wa kike kutoka Thika. Nilikata simu. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikitetemeka. Yule mwalimu ana mama pia.

Spea nazo ni uzi mwingine, nitasema moja tu. Nilinunua filta Barabara ya Kirinyaga ikiwa kwenye boksi lenye nyota, kwa bei ya "orijino". Mzee wa Industrial Area aliweka boksi hilo kando ya jingine la kweli. Nyota ya langu ilikuwa imeinama, na ile stika ya hologramu ilibanduka kwa ukucha. Ndani, karatasi ya filta ilikuwa imegandishwa upande mmoja tu.

Sasa nawaambia mnaotaka kununua. Chukua namba ya chesisi kabla hujaketi ndani ya gari. Tafuta karatasi ya mnada wewe mwenyewe, usiletewe. Dai cheti cha Japani, na ukiambiwa kimebaki Mombasa, ondoka. Vua kava la usukani. Mlipe fundi mwenye kompyuta ya Benzi hasa asome hitilafu za zamani na kilomita zake, ndani ya yadi, muuzaji akiwepo. Akikataa umeshapata jibu. Na ukiona gari lina 150,000 lakini lina kumbukumbu kamili za huduma, usilikimbie. Hilo ndilo gari la kununua. Sisi wanunuzi tumewafundisha hawa watu kwamba hatutaki kuona laki, nao wanatupa tunachotaka kuona.

Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nadai gia boksi, gari la kuvuta, na siku nilizokosa kazi. Jumla ni 538,000. Nina karatasi ya mnada, picha ya skrini, mkataba, na barua ya fundi aliyekubali kusimama na kusema alichokiona. Ile chupa ya oili nyeusi ameihifadhi kabatini kwake, ameandika tarehe.

Jumatatu asubuhi niko mahakamani Milimani kuwasilisha madai. Kama ulinunua gari Barabara ya Ngong kati ya 2022 na 2024 na ukakuta mita haikubaliani na karatasi, niandikie kwa ujumbe wa faragha, uje na namba ya chesisi. Tumeshafika watatu.