Wikiendi nje ya Dar es Salaam: twende wapi tukafanye jambo, si kukaa tu?

Mama wa Segerea ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajamvi. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo nyumbani kwetu tumelijadili mno bila kufikia muafaka. Tunaishi Segerea, tuna watoto watatu, mdogo ana miaka sita na mkubwa yuko kidato cha kwanza, na tunaye mama mkwe wangu ambaye ni mzima wa afya, isipokuwa magoti humsumbua anapopanda mahali palipoinuka. Tungependa kutoka nje ya jiji Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili kabla giza halijaingia, kwa kuwa Jumatatu ni shule na kazi.

Ufukwe tumeuchoka, Kigamboni na Kunduchi watoto wanapafahamu vilivyo. Tunachotafuta safari hii ni msitu, mlima au shamba. Sharti langu ni moja tu: isiwe mahali ambapo shughuli ni kukaa chini ya mwembe, kuagiza nyama choma na kuisubiri hadi njaa iishe yenyewe, huku kila mtu ameinamia simu yake, maana hayo hata hapa Tabata yanapatikana. Gari letu ni dogo na liko chini, kwa hiyo barabara za matope haliziwezi. Mngetushauri twende wapi, na tukifika tufanye nini hasa?

Mzee wa Kisarawe amejibu:

Mwanangu, kabla ya kuchagua mahali, pigeni kwanza hesabu ya saa za barabarani. Watu wengi wa Dar husikia wikiendi ndefu wakakimbilia Mikumi kwa gari, umbali unaokaribia kilomita 300 kwenda pekee, wakapita Kibamba na Kibaha kwenye msongamano, wakafika jioni wamechoka, na kesho yake baada ya kuwaona twiga wawili watatu wanageuza gari ili wawahi kurudi. Mbuga ile ni nzuri sana, lakini inahitaji siku zaidi ya hizo mlizo nazo.

Ninyi mko Segerea, na kutoka hapo mkipita Banana mkashika barabara ya Pugu, hamchelewi kufika Kisarawe, na njia yote ni lami. Pale upo msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Pugu na Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Ni mabaki ya misitu ya zamani ya pwani, ile ambayo sehemu kubwa yake imekwisha kwa mkaa na mashamba, kwa hiyo ndege na mimea iliyomo haionekani kirahisi kwingineko. Chukueni mwongoza njia langoni, mtembee asubuhi mapema wakati ndege bado wanalia, na mwombeni awaonyeshe miti kwa majina yake na kazi zake: upi ni dawa ya tumbo, upi unafaa kwa mpini wa jembe, upi haupaswi kuguswa.

Jambo ambalo wakazi wengi wa jiji hawalifahamu ni kwamba Mto Msimbazi, huu unaofurika Jangwani kila mvua zikizidi na kusimamisha magari, unaanzia katika vilima hivi vya Pugu. Mtoto wa kidato cha kwanza akioneshwa vijito hivi vikiwa safi na vyembamba, kisha akaulizwa vinapata wapi takataka zile tunazoziona Jangwani, atakuwa na la kufikiri njia nzima ya kurudi nyumbani.

Yapo pia mapango ya Pugu, ambayo chanzo chake ni uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini. Ndani kuna popo wengi, na jioni wanapotoka kwenda kutafuta chakula ni jambo la kutazamwa kwa mbali na kwa utulivu. Vaeni viatu ambavyo hamvionei huruma, kwa sababu udongo ule ukilowa hung'ang'ania soli na kupanda hadi kwenye vifundo kama unga wa muhogo. Msiingie bila mwongozaji, na mdogo asiachwe mkono hata kidogo.

Na mkipita karibu na shule ya Pugu, waambieni watoto kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha hapo kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashughulikie siasa za TANU.

Baba Junior amejibu:

Naunga mkono hoja ya Mzee, ila naongeza tahadhari moja. Tuliwahi kulala katika eneo moja la kupiga kambi upande huo, sitalitaja, na tulipofika tukakuta vyoo havina maji na mtu tuliyezungumza naye kwenye simu hayupo. Dada yangu, pigeni simu siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari, muulize mambo matatu waziwazi: maji yapo, mwongozaji atakuwepo saa ngapi, na malipo yanafanyikaje. Malipo ya hifadhi za serikali siku hizi hufanywa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo mnayopewa kwanza, wala si kwa fedha taslimu, na mkisubiri kuishughulikia Jumamosi asubuhi mtandao ukiwa haupo, mtakaa langoni hadi jua liwe kali.

Mpanda Uluguru amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana na hesabu yako ya saa za barabarani, lakini tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, hesabu hiyo imebadilika kwa upande mmoja. Safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula nusu siku kutegemea foleni, sasa ni ya chini ya saa mbili. Nauli iliyotangazwa huduma ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima katika treni ya kawaida, na watoto wa umri wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake. Kwa familia inayokaa Segerea, angalieni kwenye ratiba kama treni ya saa mnayoitaka inasimama stesheni ya Pugu, maana kwenda hadi katikati ya jiji ili mrudi tena mnakotoka ni kazi bure. Mkifika Morogoro, stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo wekeni fungu la bajaji au teksi.

Sasa, kuhusu kufanya jambo, sioni mahali karibu na Dar panapoishinda Milima ya Uluguru. Njia ya kwenda Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, inapanda kutoka mjini na kupita katikati ya mashamba ya Waluguru, na kwa watoto na watu wasiozoea ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kupanda. Mkianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtakutana na akina mama wanaoteremka na mizigo kichwani, ndizi mikungu mizima, karoti zenye majani yake na majani ya maboga, wakielekea sokoni. Wanateremka kwa kasi ambayo ninyi hamtaiweza hata mkiwa mikono mitupu. Pisheni upande wa mlimani, semeni shikamoo, na mkitaka kununua kitu nunueni wakati wa kushuka ili msikibebe. Hifadhi yenyewe ya msitu iko juu zaidi na inahitaji kibali, lakini hata bila kufika huko watoto watakuwa wameona jinsi mtu anavyolima kwenye mteremko ambao wao wanashindwa kusimama.

Kwa mama mkwe, mlima haumfai, nami nisingependekeza apandishwe kwa bodaboda kama wanavyofanya baadhi ya watu, kwa sababu njia ni ya udongo mwekundu unaoteleza hata baada ya manyunyu machache. Baki naye chini, wewe au baba watoto. Lipo Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako akipata mtu wa kupiga naye bei hatakumbuka magoti, na lipo jambo jingine ambalo wageni wengi hulikosa: shirika la APOPO, linaloshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao ni wepesi kiasi kwamba hawalipui bomu wanapolipitia, na wakigundua kitu hukwaruza ardhi ili wapewe tunda. Ombeni nafasi ya kutembelea mapema. Wanangu, ambao kwao panya ni wa kufukuzwa kwa ufagio, hawajaacha kulizungumza jambo lile.

Na kwa kuwa Mzee amegusia Msimbazi, niongeze kwamba Mto Ruvu nao unapata maji yake kutoka Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huchukua humo maji yanayotumika Dar es Salaam. Kile kijito mtakachokivuka kwa kuruka mawe, huenda mkaja kukioga Segerea, siku ambayo maji hayakukatika.

Mwalimu wa Bunju amejibu:

Sitaki kuwaongezea wingi wa machaguo, ila Bagamoyo msiifute kwa sababu tu mmechoka bahari. Iacheni pwani yenyewe, nendeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ambayo ya kale zaidi ni ya karne ya 13. Ni tambarare, mama anatembea bila shida, na mwongozaji hueleza vizuri. Kisha shikeni barabara ya lami ya Msata hadi Kiwangwa, nchi ya mananasi. Kuelekea mwisho wa mwaka, wakati wa mavuno, mkulima akiombwa kwa adabu na mkamnunulia mzigo wa kutosha huwaruhusu watoto kuingia shambani na kukata wenyewe. Vaeni suruali ndefu, kwani majani yake yana miiba pembeni na hayana huruma na mtoto wa kaptula. Saadani iko mbele zaidi na inavutia, lakini kwa gari mliloeleza, iacheni.

Mama wa Segerea ameandika tena:

Nawashukuru sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Baba watoto amesoma yote na tumekubaliana hivi: Kisarawe iwe ya mwezi huu, na Morogoro tuipeleke likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na njia za mlimani zimekauka. Kiwangwa itasubiri mananasi. Swali langu lililobaki ni kwa Mzee: msituni Pugu, mama mkwe atafanya nini tukiwa tunatembea? Hapendi kuachwa, na akikaa peke yake atasema tumemleta ili alinde mabegi.

Mzee wa Kisarawe amejibu:

Mwanangu, msigawanyike. Mwambieni mwongozaji tangu kwenye simu kwamba mnaye mtu mzima, awachagulie njia fupi isiyo na mwinuko, mtembee wote kwa mwendo wake. Kisha yeye ndiye apewe kazi ya kuwatajia watoto miti anayoifahamu kwa lugha ya kwao, na mwongozaji amjibu kwa majina ya huku Uzaramoni. Nimeona wazee wakibishana na vijana wa hifadhi juu ya mti mmoja hadi watoto wakaanza kuchagua upande. Mapangoni asiingie. Jioni hiyo abaki na mmoja wenu, na kabla ya hapo mpitisheni sokoni Kisarawe akachague mihogo yeye mwenyewe. Njooni na kigoda cha kukunjwa cha kumpumzishia njiani, maji ya kunywa ya kutosha, dawa ya mbu, na nguo za mikono mirefu kwa wote, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili jioni mbu wa msituni hawana mzaha. Chandarua ulizieni mnakolala. Kama hawana, bebeni chenu.