Tupeane uzoefu: wewe mweusi, mwenzi wako wa rangi nyingine. Nani alikusema zaidi?

Bi Nuru
Wakuu, habari za humu. Uzi huu naomba uwe wa waliopitia wenyewe. Za "jamaa yangu mmoja" tuziache. Nawalenga hasa weusi tunaoishi Marekani, wanaume kwa wanawake.

Naanza mimi. Mume wangu ni mzungu, tunaishi Virginia. Jimbo hilihili ndilo lililowakamata Richard na Mildred Loving usiku wakiwa kitandani, mwaka 1958, kwa kosa la kuoana, mume mzungu na mke mweusi. Walihukumiwa mwaka mmoja jela, wakaambiwa wataepuka kifungo wakihama jimbo na wasirudi pamoja kwa miaka 25. Mahakama Kuu ya Marekani ilipowapa haki yao tarehe 12 Juni 1967, majimbo 16 yalikuwa bado na sheria za kuzuia ndoa kama yao. Kwa hiyo nilipoolewa nilijiandaa kusemwa na wazungu.

Walionisema ni wanaume weusi. Mmoja kazini, niliyemheshimu kama kaka, aliniambia nimewatupa watu wangu. Mkewe ni mzungu! Nikamuuliza, na wewe je? Akajibu kwamba kwa mwanaume ni tofauti. Nimekaa na jibu hilo muda mrefu na linanikera mpaka leo. Taasisi ya utafiti ya Pew ilipoangalia maharusi wapya wa mwaka 2015, kati ya wanaume weusi asilimia 24 walikuwa wameoa nje ya rangi yao. Kwa wanawake weusi ni asilimia 12. Wao wanavuka mara mbili yetu, halafu msaliti awe mimi?

Karibuni. Tusitukanane.

Kipanga
Dada, shukrani kwa uzi. Mimi nimeoa mzungu, tuna watoto. Kwa upande wangu wanawake weusi hawajawahi kunitukana, ila kuna yale macho, na wakati mwingine mguno, tukiingia kanisani. Kwa wazungu ni jambo jingine. Usiku mmoja polisi alitusimamisha, mke wangu ndiye anaendesha. Mimi hakuniuliza hata jina. Alimmulika mke wangu tochi, akawa anarudia kumuuliza kama yuko salama na kama ananifahamu. Mke wangu alitetemeka njia nzima, kwa hasira.

Tuna jirani mzee, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Mississippi. Alinisihi nisimshike mke wangu mkono tukisafiri vijijini kule kusini. Mzee huyu alikuwa mtoto mwaka 1955, Emmett Till, kijana wa miaka 14, alipouawa jimboni kwao kwa madai ya kumkosea heshima mwanamke mzungu dukani. Waliomuua mahakama iliwaachia. Mama yake mzee huyu aliwafundisha yeye na kaka zake kuinamisha macho kila mwanamke mzungu akipita. Watu wanasema wazee weusi ni wabaguzi wanapokataa ndoa hizi. Huyu hakunibagua, alikuwa ananiombea uhai.

Sauti ya Dada
Nikichangia mada hizi naambiwa nina wivu, kwa sababu sijaolewa. Naomba nisomwe hadi mwisho.

Mwanaume mweusi akimpenda mzungu, Mlatino, Mchina, kwa sababu moyo wake umempenda, namtakia heri. Kinachoniumiza ni sababu anazozitoa mbele za watu. Nilikuwa na mchumba. Tuliachana, akaoa mzungu, hilo ni la kawaida. Lakini alianza kuhubiri kila tunapokutana kwenye hafla za watu wetu: wanawake weusi ni wakali, hawabembelezeki, wanashindana na mwanaume. Siku moja mama yake mzazi alikuwa amekaa palepale. Mwanamke mweusi aliyemlea peke yake, kazi mbili, usiku na mchana, anasikiliza mwanawe akichekwa na kupigiwa makofi kwa maneno hayo.

Mwanaume anayesema vile hajamsifu mkewe hata kidogo. Amefanya ndoa yake kuwa hukumu juu yetu. Na mke naye, kama ana akili, aogope, maana kapendwa kwa vile si sisi.

Bi Nuru
Sauti, mdogo wangu, asante. Hapo ndipo ninapotaka watu wakae. Mimi sijawahi kusema nimeolewa na mzungu kwa sababu wanaume weusi wana kasoro hii na ile. Nikisikia dada anasema hivyo namkatiza pia, maana wapo.

Mjukuu wa Georgia
Mama yangu ni Mmarekani Mweusi. Nilipomwambia bibi mzaa mama kwamba nina mchumba mzungu, hakugomba. Aliniuliza swali moja: "Anatembea na wewe mchana?"

Ilibidi mama anifafanulie. Enzi za utumwa bwana mzungu alimchukua mwanamke mweusi apendavyo, hana wa kumshtakia, na mtoto alifuata hali ya mama, yaani alizaliwa mtumwa. Hata utumwa ulipoisha, wanaume wa namna hiyo waliendelea kuja usiku, na watoto hawakupewa jina la baba. Bibi amekua akiwafahamu watoto hao kwa nyuso zao. Kwa hiyo hofu yake ni kufichwa, rangi inafuata baadaye.

Mchumba alinipeleka kwao Sikukuu ya Shukrani. Mama yake alinipokea vizuri. Babu yake alisimama mezani akaondoka. Mchumba wangu akasimama na yeye, akachukua makoti yetu, akasema tunakwenda, na mama yake ndiye aliyetuzuia mlangoni. Bibi alipoyasikia hayo akasema basi amlete.

Nahodha
Mnajadili weusi na wazungu tu. Wangu ni Mkorea. Wazazi wake hawajanikaribisha hadi leo, na hakuna historia ya utumwa kati yetu ya kusingizia.

Mwana wa Kwao
Mimi nimeoa Mmarekani Mweusi na singeoa mwingine. Sichukii mtu. Nikirudi nyumbani nimekasirishwa na jambo la ubaguzi, simuelezi mke wangu kwa nini limeniuma, tayari anajua. Raha hiyo siiuzi. Ila dada zetu mkiolewa huko, jamii inapungua, lazima tuseme.

Bi Nuru
Kaka, la raha ya kueleweka nalipokea kwa mikono miwili, maana mume wangu nimemfundisha mengi na kuna siku nachoka. Hilo la kupungua ndilo silikubali. Umewataja dada tu. Rudi juu usome zile asilimia.

Mkwe wa Alabama
Nimesoma kimya, nami nichangie. Gallup, wale wa kura za maoni, wanasema mwaka 1958 Wamarekani waliounga mkono ndoa za weusi na wazungu walikuwa asilimia 4, na mwaka 2021 wamefika 94. Vizuri. Lakini Alabama ilipopiga kura mwaka 2000 kuondoa katazo hilo kwenye katiba ya jimbo, watu kama asilimia 40 walisema libaki. Mwaka 2000, si zamani.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia mwenyewe, tukiwa wawili tu, baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa. Alisema hataki nisikie kwa mtu mwingine.

Bi Nuru
Ulimjibu nini?

Mkwe wa Alabama
Nilimshukuru kwa kuniambia, na nikamuuliza leo angepiga ipi. Akasema angepiga ya ndiyo. Nilimwamini. Shida iko kwa mke wangu. Alikuwa na miaka kumi na kitu wakati wa kura ile na hakujua. Hajaongea na baba yake tangu aliposikia, na mimi ndiye ninayempeleka mtoto kwa babu.