Mkanda mweusi anayekataa kufanya jozi na wanaoanza: nimwambieje?

Dada_Kahawia (Nakuru)
Hamjambo wanadojo, wenzangu wa ukumbi wa karate. Mimi ni mkanda wa kahawia, mtindo wa Shotokan, hapa Nakuru. Sensei, mwalimu wetu, ameniachia wanaoanza, wale wa Jumamosi asubuhi. Mwaka huu alihamia kwetu ndugu mmoja wa mkanda mweusi kutoka klabu nyingine. Ufundi anao, sitamnyima haki yake. Mawashi-geri yake, lile teke la kuzungusha, huioni ikija. Shida ni kujisikia. Tukipanga jozi za kumite, kupigana wawili wawili, anawapita wenye mikanda myeupe bila hata kuwaangalia usoni, halafu anatafuta mahali pa kujinyoosha peke yake.

Mwezi uliopita nikampanga na msichana wa mkanda wa kijani, mwanafunzi wa sekondari, mwepesi wa miguu. Tulikuwa tumekubaliana: kugusa tu. Ndugu akashusha mkono kidogo, msichana akaingia na gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, ikamgusa tumboni, na mkono ukarudi kiunoni vile tunavyofunza. Safi kabisa! Watoto wakapiga makofi. Mara hiyo hiyo nikaona uso wa ndugu umebadilika. Waliporudiana, ngumi yake ilitua mdomoni mwa yule mtoto, damu ikachirizika hadi kwenye kola ya gi, vazi lake la karate. Akasema, "Ajifunze kujikinga."

Msichana hakulia. Aliinama, akakunja mkanda wake, akaniaga vizuri. Hajarudi tena. Hilo linaniuma kuliko damu yenyewe, maana alikuwa akija kwa miguu na hakuwahi kuchelewa.

Sensei ni mtu mzima, mpole, na siku hiyo hakuwepo. Huyu ndugu ananizidi cheo. Nimwambieje mkubwa wangu bila kuvunja adabu ya dojo?

Baba_Wawili
Adabu ya dojo ameivunja yeye. Mwambie sensei leo, usingoje Jumamosi. Wangu wawili wako karate, na wakirudi nyumbani hivyo ningekuja mwenyewe.

Kumite_Kisumu
Pole sana dada. Mimi huamua mechi huku Kisumu, kwa hivyo nitasema la upande wangu.

Kuumiza kupita kiasi ni kosa hata kwenye fainali. Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, uzani wa zaidi ya kilo 75: Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza 4-1. Akarusha teke la juu, Sajad Ganjzadeh wa Iran akaanguka na kubebwa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi, dhahabu ikaenda kwa aliyelala chini. Sasa kama bingwa anapokonywa dhahabu, mtu wa mazoezi ya Jumamosi ana ruhusa gani ya kumpasua mtoto mdomo?

Na huo mkanda anaoutegemea si wa kale vile watu hudhani. Mfumo wa dan, yaani madaraja ya mkanda mweusi, ni wa judo. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alitoa dan za kwanza mwaka wa 1883. Karate iliuchukua baadaye: Funakoshi Gichin, baba wa Shotokan, aliwapa wanafunzi wake dan mwaka wa 1924. Watu wa Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotoka, walikuwa wamefanya mazoezi vizazi na vizazi bila rangi kiunoni, na mkubwa hakutambuliwa kwa mkanda.

Mwite kando, msalimie kwa cheo chake, kisha mwambie ulichoona kwa macho yako. Usimwambie ana kiburi, atabishana. Mwambie: tulikubaliana kugusa, wewe ukapiga.

Mzee_wa_Glovu (Bondeni)
Binti yangu, mimi ni wa ngumi, karate siijui. Lakini Nakuru hii tulilelewa na jina la Philip Waruinge. Mexico 1968 alipata shaba tu, na bado akapewa kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuliko wote. Wenye dhahabu walikuwepo! Munich 1972 akarudi na fedha. Sisi vijana tulifunzwa hivi: ukimpiga mdogo kwa hasira, umeshaonyesha amekugusa mahali pabaya. Kocha alikuwa anakutoa ulingoni hapo hapo, unaenda kuruka kamba.

Lakini wewe kwanza nenda kwa kina msichana. Ongea na mama yake.

Dada_Kahawia (Nakuru)
Asanteni, na Mzee shikamoo. Nimeongea na sensei. Amesema jozi za Jumamosi nizipange mimi, na anayekataa jozi akae pembeni, awe wa mkanda gani. Ndugu nitamwita kando kabla ya mazoezi, kwa maneno yale ya Kumite_Kisumu. Kwa mama yake msichana ninaenda kesho jioni.

Kumite_Kisumu, kinga za meno za saizi ya watoto mnazipata duka gani huko? Hapa nimeona za watu wazima tu.

Kumite_Kisumu
Nitakutumia inbox. Nunua na za akiba, watoto huzitafuna.