ARUSI YA ZUHURA – WETE (kikundi cha jamaa)

20:11 Da Salma: Assalamu alaykum. Lile faili la "Kadi ya Arusi" lililotoka simu ya Ami Omar asilifungue mtu. Tazameni mwisho wa jina: pdf.apk. Hiyo si kadi, ni programu.

20:12 Da Salma: Ami hakulituma. Simu yake imeingiliwa, inatuma yenyewe.

20:14 Da Salma: Nani keshalifungua? Jibuni kwa majina.

20:52 Hamadi: Mie nlijua kadi, nkatafuta kama biriani ya ng'ombe au ya kuku

20:53 Mwanaisha Chake: 😂😂 kwa michango hii? Urojo

20:55 Da Salma: Hamadi, ulibonyeza "Sakinisha"?

21:30 Hamadi: Iliomba ruhusa ya kusoma meseji nkaikubalia. Si ni kadi ya Ami?

21:31 Da Salma: Subhanallah! Namba za siri zote zinazokuja kwa meseji inaziona. Zima data, ifute, toa laini uitie simu nyengine ubadilishe PIN ya pesa. Sasa hivi.

21:40 Khalid Unguja: Faili mkilishusha msilibonyeze kwanza. Lipandisheni tovuti ya VirusTotal, ya Google toka 2012. Linakaguliwa na programu za kukamata virusi zaidi ya 70 kwa pamoja.

21:42 Da Salma: Ila pasipoti za Hija msizipeleke huko, mafaili yale na wengine wanayapata. Na likitoka safi msijitape, kirusi kipya huenda hakijajulikana.

21:44 Mwanaisha Chake: Kwani pesa za arusi zimo simu ya nani?

21:58 Hamadi: Yangu

21:58 Mwanaisha Chake: Yako tena?? Baada ya zile za boti la Idd?

22:01 Hamadi: Yale tuliyamaliza yakhe

22:01 Mwanaisha Chake: Mliyamaliza nyie

22:03 Da Salma: Jamani, si wakati wake.

22:20 Bibi Mkubwa: 🎤 0:41

22:24 Da Salma: Kwa wasio na bando: Bibi kasema pesa zitoke kwa Hamadi ziende kwa Khalati Raya leo leo. Ya boti mkayaseme mbele yake, si humu.

22:25 Mwanaisha Chake: Sawa Bibi

22:31 Hamadi: Sawa Bibi

06:48 Khalati Raya: Laini yangu ya pesa imefungwa toka Ramadhani

07:02 Da Salma: Hamadi zimeshatoka au bado?

07:40 Da Salma: Hamadi?

07:41 Da Salma: Na Shaame, Mbarouk, Fatma, mmesoma toka jana. Mmelifungua au hamkulifungua?

09:15 Shaame: 👍

09:15 Da Salma: 👍 ya nini Shaame