Tupeane uzoefu: ATV ya kazi za shamba ambayo haijakufilisi wala kukulaza porini

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za kazi. Nina eneo lenye mteremko upande mmoja na bonde la tope upande wa pili. Miaka minne nabeba kila kitu kwa toroli na mgongo: nguzo za uzio, waya, madumu ya maji. Sasa mgongo umeanza kudai. Natafuta ATV, yaani pikipiki ya matairi manne, ya kazi, si ya kurukia vichuguu, na hela yangu ni ya kuhesabu. Nimeona Honda Rancher, Yamaha Kodiak, Suzuki KingQuad, na hizi mpya za CFMoto ambazo kwenye karatasi zina kila kitu. Sifa za kiwandani nimeshazisoma. Nataka aliyeitumia mwenyewe aniambie imemfaa wapi na imemwangusha wapi.

Mfugaji wa mbuzi
Nianze na ujinga wangu. Ya kwanza nilinunua mpya, jina sitaji. Ilikuwa inang'aa, taa kila kona, winchi tayari imefungwa mbele. Mwezi wa saba stata ikagoma. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani, lakini nilikisubiri wiki kumi na moja. Mashine imekaa chini ya turubai, kuku wanatagia kwenye siti, mimi nimerudi kwenye toroli.

Mara ya pili nikageuza utaratibu. Kabla ya kuulizia bei ya ATV yoyote, nilipigia duka la spea nikaulizia vitu vinne: filta ya oili, pedi za breki, beringi za mbele, na ule mpira unaofunika jointi za ekseli. Nikiambiwa "tutakuagizia", mashine hiyo naifuta hata iwe nzuri vipi. Ndivyo nilivyoishia kwenye Rancher ya cc 420 iliyotumika. Gia unakanyaga kwa mguu, klachi inajiendesha yenyewe. Haina maringo. Hadi leo nimebadilisha betri, pedi na beringi mbili.

Mzee wa bonde
Kama kazi yako ni tope, hakikisha matairi yote manne yanavuta. Mimi nilijifanya mjanja nikachukua inayosukuma nyuma tu kwa kuwa ni rahisi. Nimevutwa na trekta la jirani mara tatu, na jirani mwenyewe ana mdomo.

Fundi
Kwa ninazozifungua gerejini, ugomvi mkubwa ni mkanda. ATV nyingi za siku hizi hazina gia za kukanyaga; nguvu inapita kwenye mkanda kati ya puli mbili, kama skuta. Ni raha kuendesha, na ukiutunza unadumu. Lakini kuna mteja wangu alifunga tela la kuni akapanda nalo mlima taratibu huku lever iko H, yaani mwendo wa kasi. Alipofika juu alidhani kuna mtu anachoma mpira porini. Ukivuta mzigo, ukipanda, ukiingia topeni, weka L, mwendo wa polepole wenye nguvu. Herufi ile haikuwekwa kwa urembo. Tena ya mkanda isiyo na L kabisa usinunue kwa kazi ya shamba.

Halafu kinachopeleka nguvu kwenye matairi: shafti, yaani chuma kinachozunguka, au cheni. Cheni ni nyepesi na rahisi kubadilisha, ila mchanga na tope vinaitafuna. Kwa kazi nasema shafti. Hata ndogo kama Honda Recon, cc 229, ina shafti na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuziba nyasi. Inasukuma nyuma tu, Mzee wa bonde asije akanipiga, lakini kwa ardhi kavu na mizigo midogo ni mashine ngumu sana.

Kabureta au injeksheni, yaani petroli iingie kwa mvuto wa hewa ya injini au isukumwe kwa pampu ya umeme? Kabureta unaisafisha mwenyewe kwa bisibisi, ila ukiiacha na petroli ya zamani miezi kadhaa vitundu vinaganda utomvu. Injeksheni inawaka vizuri asubuhi ya baridi, lakini betri ikichoka pampu ya petroli haisukumi, na hapo hata kupiga kiki hakukusaidii.

Mwanzisha mada
Fundi, iliyotumika naikaguaje? Mimi nikiona rangi nzuri tu nishalainika.

Fundi
Rangi iache. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, jiulize anaficha nini: huenda inawaka kwa shida ikiwa baridi.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeupe-nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia, labda imezamishwa mtoni. Kisha fungua boksi la filta ya hewa, toa filta, pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, injini imekula mchanga, na pete zake za pistoni zimeshaanza kuisha hata kama leo haitoi moshi. Huo mtihani wa kidole umeniokolea wateja wengi kuliko vipimo vyote nilivyonavyo.

Inyanyue mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza ni beringi au boljointi. Lala chini uangalie chesisi pale inaposhikana na mikono ya nyuma. Ufa unaanzia kwenye welding. Na kama ina mita ya saa, soma saa pamoja na kilomita. Mashine ya shamba inatembea polepole: kilomita chache, saa nyingi.

Kijana wa nyuki
Mimi nimeona ya matairi matatu inauzwa bei ya kutupa. Vipi wakuu?

Mfugaji wa mbuzi
Kimbia.

Fundi
Anatania lakini si utani. Honda ndiyo iliyozianzisha, mwaka 1970, na Marekani ziliacha kuuzwa mpya mwaka 1988 baada ya watu wengi kuumia. Zinapinduka kwenye kona. Na spea utazitoa wapi?

Mama wa mteremko
Mmeongea injini tu, mimi niongee kuanguka. Nilifunga tanki la dawa la lita 100 kwenye keria ya nyuma. Lita 100 za maji ni kilo 100, na keria za nyuma za ATV nyingi za ukubwa huu haziruhusiwi kubeba hivyo; stika ipo palepale, sikuisoma. Tanki lilikuwa nusu. Nikakatiza mteremko kwa ubavu. Maji yakahamia upande wa bonde kwa mkupuo, nikasikia tu tairi la juu limekuwa jepesi. Niliruka. Mashine ikabiringika mara mbili ikakaa pale nilipokuwa nitakaa mimi.

Sasa tanki liko kwenye tela la chini, na mteremko napanda wima na kushuka wima, sikatizi. Abiria sipakii: siti ile ndefu ni ya dereva kuhamisha uzito wake. Australia tangu Oktoba 2021 ATV mpya ya kazi za kawaida haiuzwi bila chuma cha kumlinda dereva ikipinduka. Mimi nimefunga changu, na kofia sivui.

Na kitu kidogo: upepo. Matairi haya yanataka upepo mdogo sana, mara nyingi chini ya psi 7 (kipimo cha upepo). Geji ya gari huko chini inabahatisha. Nunua ya ATV. Tairi moja likizidi mwenzake, usukani unavuta upande.

Mwanzisha mada
Shukrani wote. Nimepata Rancher ya shafti, inavuta matairi manne, ina miaka kumi. Kwa mteremko wangu naona gia za kukanyaga zinanifaa kuliko mkanda, nikiweka gia ya kwanza inashuka yenyewe taratibu. Duka la spea vitu vyote vinne wanavyo. Jumamosi naenda kuiona. Nimempigia muuzaji nikamwomba asiiwashe kabla sijafika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani unakuja na fundi?"